Kukiri kwa makubaliano au kusikilizwa kesi nzima: jinsi ya kuchagua ukiwa rumande Uganda

Mtu akishaingia mwaka wa pili au wa tatu rumande, awe Luzira, Kigo, Arua au Mbarara, kila anayekaa naye humuuliza jambo lilelile: kwa nini usikiri tu, ujue tarehe yako ya kutoka? Mahabusu wenzake watamuuliza, askari magereza atamuuliza, na siku mawakili na waendesha mashtaka watakapoingia gerezani na fomu zao, atatakiwa kutoa jibu. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya mama au kaka aliye nje, ambaye mara nyingi ndiye anayemshauri bila kuwa amelisoma jalada.

Niseme mapema ninakoegemea. Makubaliano ya kukiri kosa ni njia nzuri kwa aliyelitenda kosa. Kwa asiyelitenda ni njia mbaya, hata kama amechoka kiasi gani. Katikati yao wamo watu wengi waliofanya jambo fulani, lakini si lile lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Hao ndio ninaowafikiria zaidi hapa.

Kama kesi yako ni ndogo, tuseme ngumi za kilabuni au ugomvi wa jirani na jirani, bado iko kwa hakimu na sheria inamruhusu kuwapatanisha. Katiba yenyewe, ibara ya 126, inazitaka mahakama zihimize suluhu. Zungumza na mlalamikaji, mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ikibidi, kisha mkamweleze hakimu. Yafuatayo yanahusu makosa mazito: mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha, kumnajisi mtoto, kubaka.

Njia mbili zilivyo

Makubaliano ya kukiri yalianza kujaribiwa Mahakama Kuu mwaka 2014, na kanuni zake zikatoka 2016. Mshtakiwa anaweza kuyaanzisha, na mwendesha mashtaka naye anaweza, wakati wowote kabla adhabu haijatolewa. Yanayojadiliwa ni mambo mawili: ukiri kosa gani, na upendekezewe adhabu gani. Kosa laweza kushushwa, kwa mfano kutoka kuua kwa kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Mwendesha mashtaka anatakiwa kuzingatia pia maslahi ya aliyeumizwa au ya familia ya marehemu, na huenda fidia ikaingia humo.

Mkishasaini, mkataba unakwenda kwa jaji, naye si wa kupiga muhuri tu. Akiona utaleta dhulma, anaukataa. Akiona adhabu ni ndogo mno, hana ruhusa ya kukupa kubwa kuliko mliyokubaliana. Anachoweza ni kuukataa mkataba wote. Ukikataliwa, uliyoyaandika humo hayatumiki dhidi yako, na jaji aliyeshiriki mazungumzo yaliyovunjika hatakiwi kuisikiliza kesi yako. Wewe nawe unaweza kujitoa kabla ya adhabu kutolewa. Watu wengi hawalijui hili, wakadhani saini ya gerezani imemaliza kila kitu.

Kesi nzima ni safari nyingine. Upande wa mashtaka unaleta mashahidi wake, wakili wako anawahoji, kisha jaji anaamua kama una kesi ya kujibu. Akiona huna, unaachiliwa hapo hapo bila kusema neno. Akiona unayo, una uchaguzi wa namna tatu: kujitetea kwa kiapo na kuhojiwa, kusema bila kiapo usihojiwe, au kunyamaza. Mzigo wa kuthibitisha hauhamii kwako. Ibara ya 28 ya Katiba inakuhesabu kuwa huna hatia mpaka ithibitishwe au ukiri mwenyewe, na tangu kesi ya Ssekitoleko ya mwaka 1967 majaji wetu wamekuwa wakirudia kwamba mtu hutiwa hatiani kwa nguvu ya ushahidi wa mashtaka, si kwa udhaifu wa utetezi wake.

Muda: hapa ndipo makubaliano yanaposhinda

Hakuna haja ya kuficha. Makubaliano ni ya haraka. Mkataba ukikubaliwa, unatiwa hatiani, unapewa adhabu, na siku zako zinaanza kuhesabika. Kesi nzima inangoja kikao cha Mahakama Kuu, na kikao kinategemea fedha, jaji na mashahidi. Karibu nusu ya watu walio magerezani Uganda ni mahabusu ambao kesi zao hazijaisha. Mtu anaweza kukaa miaka akingoja, halafu siku ya kikao shahidi mkuu asionekane na kesi ikaahirishwa tena.

Ila tazama kinachokusukuma. Kama ni kuchoka rumande, ombi la dhamana linatangulia kukiri. Katiba, ibara ya 23, inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48 tangu ukamatwe. Kwa kosa linalosikilizwa na Mahakama Kuu pekee, ukikaa rumande siku 180 kabla kesi yako haijapelekwa rasmi Mahakama Kuu, una haki ya kuachiwa kwa dhamana yenye masharti ya haki. Kwa makosa mengine kipimo ni siku 60 kabla kesi haijaanza. Hata baada ya kesi kupelekwa juu unaweza bado kuomba, ila hapo uamuzi ni wa jaji. Ataangalia kama una makazi yanayojulikana, kama wadhamini wako ni watu wa kweli wenye vitambulisho vya taifa na barua za LC1, na kama una sababu za pekee: ugonjwa mzito uliothibitishwa na daktari wa magereza, umri mdogo au uzee, au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma asiye na pingamizi.

Kwa ndugu zetu wakimbizi wa Nakivale na Kyangwali hili la makazi ndilo linalowaangusha. Hati ya ukimbizi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu na barua ya kiongozi wa kijiji cha makazi ziwe tayari kabla ya siku ya ombi. Ukikosa hizo, jaji anaona mtu anayeweza kuvuka mpaka usiku huohuo.

Adhabu: piga hesabu kwa kalamu

Tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Susan Kigula Januari 2009, jaji halazimiki tena kutoa adhabu ya kifo kwa kila aliyetiwa hatiani kwa mauaji. Lakini anaweza. Mwongozo wa adhabu wa 2013 unaweka miaka 35 kuwa mahali pa kuanzia kwa mauaji, na kuua bila kukusudia kunaanzia 15. Na ukipewa kifungo cha maisha, Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 2011, kwenye kesi ya Tigo Stephen, kwamba maana yake ni maisha yako yote. Kwa hiyo aliyeua kweli, mashahidi wapo na silaha imepatikana, akikataa mazungumzo anacheza na sehemu yote iliyobaki ya maisha yake.

Sasa tuje kwenye fomu, kwa sababu kosa la mstari mmoja humo linakula miaka. Katiba inataka muda uliokaa rumande uzingatiwe, na mwaka 2017, kwenye kesi ya Rwabugande Moses, Mahakama ya Juu ilisema uondolewe kwa hesabu kabisa. Tuseme mmekubaliana miaka 15 na umeshakaa rumande minne. Ikiwa 15 ni kabla ya kutoa rumande, inabaki 11. Sheria ya Magereza inaruhusu mfungwa apunguziwe theluthi moja kwa kazi na mwenendo mzuri. Theluthi ya 11 ni miaka mitatu na miezi minane, kwa hiyo utakaa miaka saba na miezi minne. Ikiwa 15 ndiyo inayobaki baada ya kutoa rumande, utakaa 10. Karatasi ileile, namba ileile, tofauti ni miaka miwili na miezi minane. Fomu iseme wazi: "miaka 15, toa miaka minne ya rumande, ibaki 11." Isiposema hivyo, usiisaini siku hiyo.

Ushahidi: unabishia nini hasa?

Swali la kuamua njia si "nimechoka kiasi gani" wala "wenzangu wamepata ngapi". Ni hili: katika mambo ambayo mwendesha mashtaka lazima ayathibitishe, wewe unabishia lipi?

Mauaji yana mambo manne. Kwamba mtu amekufa. Kwamba alikufa kwa njia isiyo halali. Kwamba aliyemuua alikusudia. Kwamba aliyemuua ni wewe. Yote manne lazima yathibitishwe bila kuacha shaka ya maana. Chukua jalada lako uyapitie moja moja.

Kama unabishia la tatu peke yake, makubaliano yanakufaa. Mlikuwa mnakunywa waragi, mkagombana, ukachukua kilichokuwa karibu ukampiga mara moja, akafa hospitalini siku mbili baadaye. Ulikuwepo na ulimpiga, na mashahidi wanakujua kwa jina. Unachosema ni kwamba hukutaka afe. Huo ndio ugomvi ambao mwendesha mashtaka mwenye busara atauafiki, akashusha kosa hadi kuua bila kukusudia. Kwenda kesi nzima ili jaji akakuambie hilohilo ni kuhatarisha sana kwa faida ndogo.

Kama unabishia la nne, yaani hukuwepo au si wewe, nenda kesi nzima. Hapa sina kigugumizi. Kesi nyingi za unyang'anyi zinasimama juu ya shahidi mmoja aliyeona sura usiku. Sheria inajua hatari hiyo. Tangu uamuzi wa Abdulla Nabulere mwishoni mwa miaka ya 1970, jaji anatakiwa kujionya na kupima: mwanga ulikuwaje, shahidi alikuwa umbali gani, alikutazama kwa muda gani, alikuwa anakujua kabla? Dereva wa bodaboda aliyekamatwa Busia kwa sababu mtu alisema "alikuwa na koti jekundu" ana kesi ya kupigania. Akikiri, hakuna atakayeuliza tena habari za mwanga.

Utetezi wa kuwa mahali pengine nao huna kazi ya kuuthibitisha. Upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuubomoa. Lakini useme mapema, tangu polisi, na utaje ulikuwa na nani. Ukiutoa kwa mara ya kwanza mbele ya jaji miaka mitatu baadaye, hautapewa uzito.

Kuna jambo moja ambalo watu wanalikosea, na ni haki niliseme. Katika kesi za kunajisi, wengi hudhani mtoto akiwa shahidi peke yake kesi itaanguka. Sivyo. Mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto huyo aliyeapa ikimwamini, na wa mtoto asiyeapa ukiungwa mkono na ushahidi mwingine, na ripoti ya daktari huongeza nguvu. Usiikatae meza ya mazungumzo kwa kutegemea habari za rumande.

Halafu umri, wako na wa mlalamikaji. Kosa la kumnajisi mtoto linapanda hadi lile zito linaloweza kubeba kifo mtoto akiwa na umri wa chini ya miaka 14, na yapo mambo mengine yanayolipandisha pia. Kama cheti cha kuzaliwa na ripoti ya daktari vinagongana juu ya umri, hapo pana nafasi ya kushusha kosa, kwa kesi au kwa makubaliano. Na kama wewe mwenyewe hukuwa umefika miaka 18 siku ya tukio, usisaini miaka yoyote ya gerezani. Sheria ya Watoto inaweka kikomo cha miaka mitatu ya kuzuiliwa hata kwa kosa lenye adhabu ya kifo, na mahali pake si Luzira, ni kama kituo cha Kampiringisa. Angalia Fomu ya Polisi namba 24, ile ya daktari aliyekupima baada ya kukamatwa. Umri wako umeandikwa humo, na pengine uliandikwa kwa kukadiria. Familia ilete cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki au daftari la shule.

La mwisho katika ushahidi ni maelezo uliyoandika polisi. Kukiri kwako hakukubaliki kama hakukuchukuliwa na ofisa wa cheo cha mkaguzi msaidizi kwenda juu, au na hakimu. Kukiri kwa kipigo hakukubaliki pia, na haki ya kutoteswa ni mojawapo ya zile ambazo ibara ya 44 inakataza kuzipunguza kwa sababu yoyote. Kwenye kesi nzima wakili wako anaweza kuyapinga maelezo hayo, na jaji akaendesha kesi ndogo ndani ya kesi ili kuamua. Ukiingia makubaliano, mjadala huo unakufa. Kwa hiyo kama karatasi hiyo ndiyo ushahidi wote waliokuwa nao, na ilipatikana kwa kipigo, hiyo ni sababu kubwa ya kutokiri.

Rufaa

Kesi nzima ikikuendea vibaya, una siku 14 za kutoa taarifa ya rufaa, na Mahakama ya Rufaa itaupima upya ushahidi wote. Baada ya makubaliano unabaki na kidogo: uhalali wa kukiri kwako, uhalali wa adhabu, ukali wake, au jaji kutoka nje ya mlichokubaliana. Huwezi kurudi kusema "sikufanya".

Wakili, na lugha utakayosikilizwa

Kwa kosa lenye adhabu ya kifo au maisha, serikali lazima ikulipie wakili. Wengine ni wazuri sana. Shida ni kwamba wanalipwa kidogo, wanapewa majalada mengi, na mshtakiwa anaweza kuonana na wakili wake kwa mara ya kwanza kikao kikiwa kimeshaanza. Wakili wa namna hiyo akikushauri ukiri kabla hajafungua jalada, mwombe kwa heshima alisome kwanza, kisha akuambie ni shahidi gani anayemwogopa na kwa nini. Asipoweza kukujibu, mwambie jaji kwamba hujapewa muda wa kutosha kuzungumza na wakili. Ni haki yako ya ibara ya 28, na majaji huisikia.

Wa kulipa mwenyewe ana nafuu ya muda, na anaweza kuja gerezani mapema. Hakikisha ana cheti cha mwaka huu cha kufanya kazi ya uwakili. Wapo wanaozunguka mahakamani na tai, na mawakili si wao. Asiye na fedha ajaribu Justice Centres Uganda, FIDA Uganda kwa wanawake, au msaada wa kisheria wa Uganda Law Society. Na mtu akikudai fedha ili akuingize kwenye orodha ya makubaliano, ni mwizi. Orodha hiyo hailipiwi.

Kuhusu lugha, mahakama zetu zinaendeshwa kwa Kiingereza, na mkalimani ni bure. Wengi wetu wa Kiswahili, kutoka Bombo hadi mpakani, tunajikuta tumepewa mkalimani wa Kiluganda kwa sababu ndiye aliyekuwepo, na tunaitikia kwa aibu. Katika kesi nzima kosa hilo linaweza kurekebishwa siku inayofuata. Katika makubaliano kila kitu kinapita kwa mkao mmoja. Fomu ina sehemu ya mkalimani kuthibitisha kwamba alikusomea kwa lugha unayoielewa. Kama alikusomea kwa lugha unayoisikia nusu nusu, asiithibitishe, na wewe usiweke kidole gumba.

Kabla ya kusaini, na mbele ya jaji

Kesi inapopelekwa Mahakama Kuu unapewa nakala ya hati ya mashtaka na muhtasari wa ushahidi. Itunze. Mpe ndugu nakala nyingine aihifadhi nje, maana za gerezani hupotea wakati wa kuhamishwa. Muhtasari ni mfupi, kwa hiyo omba pia maelezo kamili ya mashahidi. Mahakama ya Katiba ilishaamua, kwenye shauri la Soon Yeon Kong Kim, kwamba kwa kawaida mshtakiwa ana haki ya kuonyeshwa nyaraka ambazo upande wa mashtaka utazitegemea. Kukiri kabla ya kuziona ni kununua shamba usilolikanyaga.

Siku ya mahakama jaji atakueleza haki unazoziacha: kukana kosa, kunyamaza, kusikilizwa kesi nzima. Atasomewa mkataba, nawe utasomewa kosa na maelezo ya tukio, kisha utaulizwa kama ni kweli. Utaratibu huu wa kusomewa maelezo umekuwa nguzo Afrika Mashariki tangu uamuzi wa Adan wa mwaka 1973, na upo kwa ajili yako. Sikiliza kila sentensi. Kama mwendesha mashtaka atasema ulikuwa na panga na hukuwa nalo, au atasema ulimvizia wakati mlikutana njiani, sema hapo hapo kwamba hiyo si kweli, hata kama wakili wako anakukonyeza unyamaze. Jambo hilo likiwa sehemu ya kosa lenyewe, jaji hawezi kupokea kukiri kwako. Ataandika kwamba umekana, na kesi itapangiwa kusikilizwa na jaji mwingine.